Bwana Mapesa, Mzee wa Vijisenti na Mizani ya Magazeti

Mji wa Bariadi, ambao hadi 2012 ulikuwa makao ya wilaya moja tu katika mkoa mpana wa Shinyanga, na ambao tangu mwaka huo ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, umeipatia siasa ya Tanzania watu wawili mashuhuri ambao lakabu zao zote mbili zimetoka katika fedha. Wa kwanza ni Bwana John Momose Cheyo, mwenyekiti wa chama cha UDP, aliyegombea urais 1995 na tena 2000, akajulikana pande zote za nchi kwa jina la Bwana Mapesa, kwa kuwa aliahidi bila haya wala kificho kuwatia wananchi mapesa mifukoni. Wa pili ni Bwana Andrew Chenge, mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kisha Harvard, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa muda wa miaka 10 hivi hadi 2005, halafu mbunge wa Bariadi Magharibi na waziri. Naye akaitwa Mzee wa Vijisenti tangu Aprili 2008, pale waandishi walipomuuliza juu ya zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa katika akaunti yake kisiwani Jersey, akazitaja kuwa ni vijisenti.

Majirani hawa wawili hawakuzipata lakabu zao kwa njia moja. Cheyo alipewa yake mlangoni, kabla hajaulizwa jambo lo lote la maana juu ya mpango wake, na tangu siku hiyo kila alilolisema lilipokewa kwa kicheko kilichokwisha kuandaliwa. Chenge alipita milango yote ya dola, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa miaka mingi, na shahada yake ikawa ndiyo jawabu la kila swali ambalo mwandishi angalithubutu kuliuliza. Lakabu ilimfikia baadaye sana, na ililetwa na uchunguzi uliofanywa Uingereza kuhusu rada ya paundi milioni 28 ambayo Tanzania iliuziwa na kampuni ya BAE. Alijiuzulu uwaziri mwezi ule ule wa Aprili, na wala hakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba kicheko si hukumu, na kwamba tuhuma nayo si hukumu. Linalonishughulisha mimi ni swali lililotangulia yote hayo: nani alimpima nani, na kwa kipimo gani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 haina makuu katika jambo hili. Ibara ya 67 inamtaka mwenye kuutaka ubunge awe raia, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na asiwe ametiwa hatiani katika miaka 5 iliyotangulia kwa kosa la kukwepa kodi. Na ibara ya 39 inamwongezea mwenye kuutaka urais masharti ya kuwa raia wa kuzaliwa na kuwa na umri wa miaka 40. Shahada haikutajwa, wala kazi aliyoifanya mtu, wala lafudhi, wala kabila, wala nguo aliyoivaa. Waliotunga masharti haya waliacha kwa makusudi uwanja mpana baina ya sheria na kura, ili mpiga kura mwenyewe aamue ni nani anayefaa. Nao uwanja huo, kwa kuwa haukuwa na mwenyewe, magazeti na redio vikaingia na kuketi ndani yake kama makadhi ambao hakuna aliyewateua.

Ukadhi huo ulionekana waziwazi katika uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka ya chama kimoja. Wagombea wa urais walikuwa wanne. Benjamin Mkapa wa CCM alikuwa na elimu ya Makerere, tena alikuwa mtu wa magazeti mwenyewe, aliyepata kuwa mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF alikuwa na shahada ya udaktari wa uchumi kutoka Stanford, naye alipata kuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi. Wa nne alikuwa Cheyo. Sasa tazama jinsi mazungumzo ya kampeni yalivyokwenda: elimu ya Mkapa ilihesabiwa kuwa ithibati ya kufaa; elimu ya Lipumba, iliyokuwa kubwa zaidi, ikahesabiwa kuwa ni mambo ya vitabuni yasiyojua utawala; utawala wa Mrema, aliyeujua kweli kweli na kuutenda mbele ya macho ya watu, ukafunikwa na masimango ya kwamba hakusoma vya kutosha; na Cheyo, ambaye alikuwa mfanyabiashara na angeweza kuulizwa maswali mazuri sana juu ya biashara na kodi, hakuulizwa kitu, maadamu alikwisha kuwa burudani. Matokeo yalikuwa asilimia 61.8 kwa Mkapa, 27.8 kwa Mrema, 6.4 kwa Lipumba na 4 kwa Cheyo. Sidai hata kidogo kwamba magazeti ndiyo yaliyozigawa kura hizo. Nadai kwamba sifa moja ilibadilika thamani kila ilipohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Na kuna jambo ambalo wenye kucheka hawakulikumbuka. Miaka 4 kabla ya hapo, 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipitisha huko Zanzibar maamuzi yaliyolegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, hata kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea mishahara zaidi ya mmoja. Utajiri wa viongozi ulikuwa halali tayari, ila ulikuwa hautajwi hadharani. Mtu wa Bariadi alipoutaja kwa sauti, tena akauahidi kwa kila mtu, ndipo ikaonekana kwamba ni upuuzi. Baadaye Cheyo aliingia Bungeni kwa jimbo la Bariadi Mashariki, akakabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, na makatibu wakuu wa wizara wakawa wanaketi mbele yake wakijieleza kwa mujibu wa ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu fedha za umma zilikokwenda. Lakabu haikumtoka kwa ajili ya hayo.

Sehemu ya kicheko kile, kwa maoni yangu, haikumhusu Cheyo peke yake bali ilihusu kwao. Wilaya ya Bariadi ina kijiji kiitwacho Gamboshi, ambacho magazeti ya Dar es Salaam yamekiandika mara nyingi kuliko yalivyoandika habari za pamba, na kila mara kwa ajili ya uchawi. Hata msomaji wa Temeke au Tanga ambaye hajui kwamba Simiyu ina wilaya za Busega, Itilima, Maswa na Meatu pamoja na Bariadi yenyewe, anaijua Gamboshi na ana kisa chake cha kusimulia. Ongeza juu ya hayo dhihaka za mjini juu ya Kiswahili cha Msukuma, na utaona kwamba mgombea atokaye huko anafika jukwaani akiwa amekwisha kupunguziwa uzito, ilhali yule atokaye mahali ambapo magazeti hayana kisa napo hupimwa angalau kwa maneno yake mwenyewe.

Watu wa Usukuma, hata hivyo, si wageni wa kupunjwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa nchi hiyo, waliokuwa wamechoka na mizani za wanunuzi, ambazo mzigo uliotoka nyumbani mzito ulifika juu yake ukawa mwepesi, walianza kuweka wapima wao wenyewe katika vituo vya kununulia pamba, wapime kando ya mnunuzi na kuyataja matokeo mbele ya mwenye mzigo. Katika wapima hao vilizaliwa vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani aliviongoza, na ambavyo kufikia 1955 vilikuwa vimeungana katika shirikisho kubwa la ushirika lililochukua jina la ziwa Victoria. Msomaji wa gazeti hana mpima wa namna hiyo. Uzito anaotajiwa ndio uzito anaokwenda nao nyumbani.

Tena mara nyingi hatajiwi hata uzito kamili. Katika mji wa mkoani kama Bariadi watu wengi hawalinunui gazeti, hulisikia. Asubuhi redio hupitia kurasa za mbele, mtangazaji akisoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine kwa sauti ya haraka, na wasikilizaji waliokaa kijiweni na vikombe vya kahawa huvidaka na kuvijadili hadi jua linapopanda, bila ya mtu kuiona habari iliyokuwa chini ya kichwa chenyewe. Kichwa cha habari hakina nafasi ya hoja. Kina nafasi ya lakabu. Wala tusidhani kwamba sheria imelisahau jambo la usawa, kwani sheria za uchaguzi zimewapa wagombea wa urais haki ya kutumia redio na televisheni ya taifa wakati wa kampeni. Lakini sheria huhesabu dakika, haihesabu maswali, na mtu aweza kupewa dakika sawasawa na mwenziwe, mmoja akaulizwa atafanya nini na mwenziwe akaulizwa anajifikiria kuwa nani.

Kwa nini waandishi, ambao wengi wao ninawajua kuwa ni watu wenye akili na wasio na chuki, hufanya hivi? Jawabu la kwanza ni riziki. Mwandishi wa mkoani aghalabu hana mshahara. Hulipwa kwa kila habari itakayochapishwa, na habari isiyochapishwa haimlipi nauli. Kampeni zikianza, mgombea mwenye chama kikubwa huwa na msafara wa magari, na ndani ya msafara kuna gari la waandishi, na kuna posho, na jioni kuna bahasha. Mgombea wa chama kidogo anahutubia Mwanhuzi, huko Meatu, na mwandishi aliyeko Bariadi hana njia ya kufika Mwanhuzi kumsikiliza. Kesho yake wa kwanza anaandikwa kwa sera zake na wa pili haandikwi, au anaandikwa kwa simu kwa mistari minne, na mistari minne hutosha kwa kichekesho tu. Hapo hapana njama yo yote, wala mhariri mwovu. Pana gari moja na safari ndefu ya vumbi.

Jawabu la pili ni hofu. Katika 2017 peke yake MwanaHalisi, Mawio, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi mbalimbali, na Juni 2020, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Tanzania Daima likafutiwa leseni kabisa. Mhariri aliyeyaona hayo hujifunza kwamba kumuuliza mnyonge maswali magumu hakuna gharama, na kwamba kumuuliza mwenye nguvu maswali yale yale kuna gharama isiyokadirika. Na desturi hiyo ikishika mizizi huacha kuonekana kuwa ni hofu, huonekana kuwa ni adabu.

Walakini magazeti yaliyojiita huru hayakuwa safi katika hili. Septemba 15, 2007, Daktari Willibrod Slaa wa CHADEMA aliisoma mbele ya halaiki pale Mwembe Yanga, Dar es Salaam, orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa ajili ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Na kwa miaka 7 baada ya hapo yako magazeti yaliyomwandika kwa neno moja tu, fisadi. Julai 28, 2015, Lowassa akahamia CHADEMA, Agosti 4 akawa mgombea wake wa urais, na katika muda wa juma moja baadhi ya magazeti yale yale yakamvisha taadhima ya mwokozi, wakati yale ya upande wa pili, yaliyompamba alipokuwa madarakani, yakagundua kwamba ana madoa na ya kwamba afya yake haimruhusu. Mpinzani wake, John Magufuli wa CCM, alipiga pushapu jukwaani, na pushapu zikawa hoja. Katika miaka iliyofuata wabunge na madiwani wa upinzani waliohamia CCM walisemwa kwamba wameunga mkono juhudi. Aliyeelekea njia ya pili alikuwa na tamaa, au alikuwa msaliti. Kitendo kilikuwa kimoja.

Jambo hili limeirudia Simiyu juzi juzi, na safari hii kwa mtu wa Meatu. Luhaga Mpina alikuwa mbunge wa Kisesa kwa miaka 20 tangu 2005, na kuanzia 2017 hadi 2020 alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Hapana uhaba wa mambo ya kumpimia. Ni katika uwaziri wake ambapo nyavu za wavuvi zilichomwa moto kandokando ya Ziwa Victoria, na ni katika uwaziri wake, Juni 2018, ambapo maofisa wa wizara waliingia katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma wakiwa na rula, wakawapima urefu samaki ambao walikuwa wamekwisha kupikwa, na Bunge likachafuka. Ni yeye aliyesimamishwa vikao 15 vya Bunge Juni 2024 katika mvutano juu ya vibali vya kuagiza sukari. Mtu mwenye wasifu kama huo angeweza kushtakiwa na kutetewa mbele ya wapiga kura kwa miezi mitatu, na kila upande ungepata la kusema.

Badala yake, Agosti 2025, alipohamia ACT-Wazalendo na kupitishwa mara moja kuwa mgombea urais, mjadala wote ukahama kutoka kwenye kazi za mtu ukaingia kwenye kalenda: je, amekaa katika chama siku zinazotakiwa na kanuni za chama hicho? Msajili wa Vyama alitengua uteuzi wake, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikamzuia kurudisha fomu. Septemba 11 Mahakama Kuu mjini Dodoma ikaamuru fomu zake zipokewe. Septemba 15, baada ya pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Tume ikamwengua tena. Wako waliouliza kwa nini Lowassa, aliyekuwa na siku 7 tu katika chama chake kipya, hakukutana na kizingiti hicho. Jawabu la kisheria ni kwamba kanuni za vyama hazifanani, nalo ni jawabu ambalo sina budi kulipokea. Lakini gazeti si mahakama. Halikukatazwa kuwaandikia wasomaji wake habari ya nyavu, ya rula na ya sukari, wala kuwauliza wagombea waliobaki juu ya wizara walizozishika wao.

Juu ya wanawake nitasema kwa ufupi, kwa kuwa aibu yake ni nyepesi kuonekana. Ibara ya 66 ya Katiba inaleta Bungeni wanawake wa viti maalumu, na ibara hiyo hiyo inampa Rais nafasi 10 za kuteua wabunge. Mwanamke aliyekaa katika viti maalumu miaka 10, akafanya kazi ya kamati na kuyajua makadirio ya wizara kwa ndani, akijitokeza kutaka jimbo huandikwa kuwa hajapata kupimwa kwa kura. Mwanamume aliyeteuliwa na Rais, ambaye hakupigiwa kura hata na jirani yake, huandikwa kuwa ni mtu mzito. Na mume wa mgombea mwanamke huulizwa maoni yake, jambo ambalo sijaona likiulizwa kwa mke wa mgombea mwanamume.

Wakenya nao wana kisa chao cha 2022, ambapo George Wajackoyah, profesa wa sheria, aligombea urais na kuandikwa kwa bangi na fisi, ambavyo kweli alivinadi, ila deni la taifa alilodai kwamba vitalilipa lilichunguzwa kwa uchache mno. Na Marekani katika 2008 watu walibishana iwapo ni mgeni zaidi wa mambo gavana Sarah Palin, mwenye miaka isiyofika 2 katika kiti chake, au seneta Barack Obama, mwenye miaka isiyofika 4 katika chake, na ilitosha kujua gazeti analosoma mtu ili kulijua jawabu lake. Ugonjwa si wetu peke yetu.

Sisi, hata hivyo, tulipata kujaribu dawa moja, ambayo wenye umri mkubwa katika Usukuma wanaikumbuka. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili waliruhusiwa katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Walizunguka pamoja katika mikutano ile ile iliyoandaliwa na TANU, wakapanda jukwaa moja, wakapewa nafasi sawa ya kusema na kuulizwa mbele ya wasikilizaji wale wale, na kutumia kabila au dini kulikatazwa. Tusiipambe dawa hiyo kupita kiasi: majina mawili yaliyofika kwa wananchi yalikuwa yamekwisha kuchujwa na chama, na nje ya uzio huo hapakuwa na mgombea wala mjadala. Lakini ndani ya uzio waziri na mwalimu wa shule walipimwa jukwaani siku moja, mbele ya mizani moja, na watu wakalitumia jambo hilo kwa namna ambayo wakubwa hawakuitazamia. Miongoni mwa walioanguka mwaka ule alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, yule yule wa wapima pamba, aliyeshindwa huko huko Usukuma, katika Mwanza; na Rais Nyerere, aliyekuwa na nafasi za kuteua, akamteua kuwa mbunge na kumrudisha katika baraza la mawaziri.